Kijiko Chini ya Meza

3 Februari

Mume wangu mdogo,

Ukisoma hii uwe umeshakula, maana sitaki unisome na njaa ukanikasirikia bure. Huku tu wazima wote, isipokuwa goti langu la kushoto ambalo limeamua kustaafu kabla yangu. Shangazi yako amejifungua mtoto wa kike, mnene, ana sauti ya mtu anayedai haki yake. Dari la chumbani linavuja palepale linapovuja kila mwaka, nami nimetega sufuria palepale.

Anayeniandikia ni jirani yetu yuleyule, Mama Pindo, kwenye meza ya cherehani yake. Mimi nasema, yeye anaandika. Akianza kunichomekea maneno ya kulainisha, namtazama tu.

Haya. Baba yako mdogo alipita kazini kwako akiwa safarini. Anasema alifika saa ya chakula, akasimama mlangoni kukutazama kabla hujamwona, maana yule tangu utoto anapenda kuchungulia. Sahani ikaletwa, ukaangusha kijiko, ukainama chini ya meza, ukakaa huko. Anasema hukukaa kama mtu anayeokota kijiko. Ulikaa kama mtu aliyehamia. Ukatoka uso umetulia, ukaanza kula. Alipokuuliza ukamwambia habari za sakafu.

Nakuuliza swali moja na nataka jibu moja. Unatafuta nini chini ya meza?

Mama Pindo anasema nikusalimie kwa upole. Basi umesalimiwa.

Bibi yako


20 Februari

Shikamoo Bibi,

Barua yako ilinifuta uchovu wa wiki nzima. Mpe shangazi hongera, na huyo mdogo mwambieni binamu yake anamsalimu. Goti ulikande kwa maji ya moto jioni na uache kupanda juu ya kiti kutazama dari. Najua unapanda.

Mimi ni mzima na kazi inakwenda vizuri sana. Karakana yetu ni ndefu, vioo vimesimamishwa ukutani kwenye fremu za mbao, kila kimoja kimetengwa na mwenzake kwa karatasi visikwaruzane. Msimamizi wetu tunamwita Futikamba, kwa kuwa hatoi neno kabla hajapima. Mwaka huu ameniruhusu kukata. Unapitisha kisu cha kioo mara moja tu, mkono usitetemeke, kisha unagonga taratibu kwa chini na kioo kinaachana chenyewe. Ukirudia mstari, umekiharibu.

Katikati ya mwaka tunapandisha kioo cha kujitazamia cha ukumbi mmoja, ukubwa wa ukuta mzima. Futikamba amesema nitakuwa mmoja wa watakaokikata na kukibeba. Bibi, hiyo ndiyo kazi ambayo fundi akishaifanya haitwi tena mwanafunzi.

Kuhusu kijiko, kilianguka tu. Vijiko vya huku mpini ni mwembamba.

Mjukuu wako


11 Machi

Mume wangu mdogo,

Marahaba. Tupo. Mtoto wa shangazi yako ameongezeka uzito na sauti. Dari lilipata mtu wa kulitazama, akalitazama, akaondoka.

Goti usilizungumzie. Tuzungumze kijiko.

Ulipokuwa mtoto nilikutuma mayai ukayabeba kwenye pindo la shati, ukaanguka wewe, mayai yakabaki mazima. Mikono yako naijua kuliko ninavyoijua yangu. Mikono hiyo haiangushi kijiko. Na baba yako mdogo anasema mama mpishi wa hapo alimnong'oneza kwamba ni kila siku, kila mlo, mpaka anakuwekea kijiko cha akiba.

Unaumwa? Sema. Una mtu unayemkwepa hapo mezani? Sema. Umeanza mambo ya ajabu ya kuongea na sakafu? Hilo nalo sema, nilipate mapema. Mama Pindo anasema nisikusukume. Andika hivyohivyo, Mama Pindo. Huyu asiposukumwa hatoki.

Kanisani hawajambo. Siku hizi sala ya kufunga ibada anaomba mtu mwingine. Usiniulize kwa nini, na mimi sitakwambia.

Bibi yako


2 Aprili

Shikamoo Bibi,

Mvua huku zimeanza, karakana inavuja pia, kwa hiyo tuko pamoja. Viatu ulivyonitumia nilivipata. Vinabana kidogo ila vitaachia.

Nimekaa na barua yako siku nyingi. Mwishowe nimeona bora nikwambie, lakini naomba Mama Pindo akusomee mkiwa wawili tu, mlango umefungwa, pasiwe na mteja anayejaribisha gauni.

Chini ya meza naomba, Bibi. Nashukuru kwa chakula. Kijiko nakiangusha kwa makusudi.

Kabla sijaja, alikuwepo hapa fundi mmoja waliyemwita Mchungaji. Huyo alikuwa akiomba mezani kwa sauti mpaka chakula kinapoa, na akiimba kazini. Siku moja walifungua begi lake wakakuta visu vya kioo vya nusu ya karakana. Alifukuzwa, lakini utani umebaki. Mtu akifumba macho mezani, wenzake wanashika mifuko yao. Siku yangu ya kwanza nilipotaka kuinamisha kichwa nikasikia mmoja anasema, "Jamani, hesabuni vifaa." Hakuwa ananisema mimi, hata hajaniona. Lakini kijiko kilikuwa mkononi, nikakiachia.

Nilidhani ni mara moja. Kumbe ukishaanza huwezi kuacha. Kesho yake nikakiangusha tena, na keshokutwa.

Sasa sikia kilichonipata. Wenzangu wakaingiwa na huruma. Wakachangishana, wakaninunulia dawa ya mishipa, chungu sana, nikanywa chupa nzima huku wamenisimamia. Wakanipeleka kwa daktari, akanigonga goti kwa kinyundo, mguu ukaruka, akasema hilo halina shida, tatizo liko juu. Mama mpishi akakifunga kijiko changu kwa uzi kwenye tundu la kifungo cha shati, kwa hiyo hakianguki tena, kinaning'inia. Ikabidi nianze kuangusha kifuniko cha chumvi. Walipoona na kifuniko nacho kinaanguka, wakajua ugonjwa umekua.

Mwezi uliopita Futikamba akaniita ofisini. Hakunigombeza. Alinishika mkono, akaupima unene, akasema kwa upole kwamba hawezi kumpa kioo mtu ambaye kijiko kinamshinda. Kisu changu amekiweka kabatini. Nafagia vipande na kufunga vioo kwenye karatasi. Na kile kioo cha ukumbi, ameshaandika majina ya wabebaji. Langu halimo.

Nikisema kweli, nitaitwa Mchungaji. Nikinyamaza, nimekwisha kwenye kazi. Nifanyeje?

Mjukuu wako


24 Aprili

Mume wangu mdogo,

Marahaba. Barua yako ilifika siku Mama Pindo anashona sare za kwaya. Tulikuwa watu tisa chumbani. Mlango tuliufunga kama ulivyoomba, lakini wote walikuwa tayari wako ndani, na kuwatoa ingekuwa utovu wa adabu.

Kwa hiyo wanajua. Na Jumatano kikundi cha akina mama kimekuombea. Kiliombea mikono yako, kikaombea kazi yako, na mama mmoja akaombea kijiko chenyewe. Sikumzuia. Wachache walicheka mpaka wakashika ukuta, mimi mmojawapo, halafu nilipofika nyumbani nililia kidogo. Hayo usiyatangaze.

Sasa nikupe yangu. Mimi sikwenda shule. Sikukufundisha kusoma wala kuhesabu. Kitu kimoja nilichokufundisha mwenyewe, bila mwalimu, ni kushukuru sahani ikija. Ulikuwa hujajua hata kushika kijiko, unashika sahani kwa mikono miwili, unafumba jicho moja na kwa jingine unalinda nyama isichukuliwe. Tulishukuru hata usiku ule sahani ilikuwa na chumvi na maji. Hatukuinama chini ya kitu chochote, na tulikuwa na kila sababu ya kuona aibu.

Nani aliyekwambia kwamba ukiomba ni lazima uombe kama yule mwizi? Yeye aliomba ili aonekane, wewe unaomba ili usionekane, na wote wawili mmewadanganya watu wa mezani. Sikukufundisha kupiga kelele. Sikukufundisha kujificha pia. Weka kijiko mezani, inamisha kichwa, sema yako, kula. Ndiyo hiyo tu. Wakikuita Mchungaji, itika. Wakihesabu vifaa, waache wahesabu, watavikuta vyote.

Na mwambie huyo Futikamba ukweli kwa mdomo wako. Usiposema, nitakuja mwenyewe na goti hili, nikuombee hapo mezani kwa sauti yangu. Unaijua sauti yangu.

Bibi yako

Mimi Mama Pindo naongeza hapa chini, Bibi ameenda kumwagia maji mboga zake. Yeye hakwambii, lakini nadhani ni haki ujue. Jumapili moja, kwenye sala ya kufunga ibada, alimwomba Mungu ampe kiongozi wa kwaya sauti, na kama sauti zimeisha, ampe kazi nyingine. Kanisa zima likasema amina kabla halijafikiri. Kiongozi wa kwaya hajarudi tangu siku hiyo, na wazee wa kanisa wamemwambia Bibi apumzike kuomba mbele za watu. Siku hizi anakaa benchi la nyuma, haongei. Bibi yako, haongei. Chakula anakigusagusa tu. Tafadhali usimwambie kwamba nimekwambia.


15 Mei

Shikamoo Bibi,

Shukrani kwa akina mama wote, na kwa yule wa kijiko. Viatu vimeachia.

Nilifanya ulivyosema. Nilichukua wiki mbili kupata moyo, ila nilifanya. Mchana ule nilikata ule uzi kwa mkasi wa karatasi, nikaenda mezani. Sahani ikaja. Nikashika kijiko, na meza nzima ikaacha kutafuna. Walikuwa wananisubiri niangushe. Mama mpishi alishasimama na kijiko cha akiba mkononi.

Nikakiweka mezani taratibu. Nikainamisha kichwa, nikafumba macho.

Mtu akasema, "Sasa imempanda kichwani." Nikasikia viti vinasogezwa. Sijafika hata katikati ya sala, nikamwagiwa maji ya jagi zima, na mmoja akawa ananilegeza mkanda. Ikabidi niseme amina nikiwa nimelazwa kwenye benchi, shati limelowa, watu wanne wameshika miguu yangu.

Nikawaambia, "Niachieni. Nilikuwa naomba."

Hawakuelewa. Nikaeleza tena. Futikamba akaja kutoka ofisini, akasimama juu yangu.

"Siku zote zile, chini ya meza, ulikuwa unaomba?"

"Ndiyo, msimamizi."

"Na kifuniko cha chumvi?"

"Na chenyewe."

"Na ile dawa?"

"Nilikunywa yote."

Wenzangu walicheka kama walivyokuwa hawajacheka mwaka mzima. Yeye hakucheka. Akasema, "Kwa hiyo mikono ilikuwa mizima. Kibovu kilikuwa mdomo. Rudi kwenye ufagio." Kabati la visu akalitia kufuli jipya mbele ya macho yangu.

Mchungaji wananiita. Naitika. Naomba juu ya meza kila siku, na kila siku kuna mtu anashika mfuko wake na kupiga kelele kwamba pochi imepotea. Kioo cha ukumbi nimeshakitoa moyoni, au ninajaribu. Hata hivyo, Bibi, chakula kimerudi kuwa na ladha. Huko chini nilikuwa naharakisha.

Sasa na mimi nakuuliza swali moja unijibu moja. Mbona huongei kanisani? Na kiongozi wa kwaya, umeshakwenda kwake?

Mjukuu wako


9 Juni

Wewe,

Wazima.

Mama Pindo alipofika mwisho wa barua yako alipaliwa. Nikampa maji. Akasema karatasi imechafuka, haisomeki. Nikamwambia basi nitampelekea mchungaji wetu wa kanisani anisomee. Ikasomeka palepale.

Anayeandika hii ni yuleyule, nimemkalisha. Tumeshasemeshana. Anaandika bila kuniangalia.

Mambo yangu na kiongozi wa kwaya ni yangu na yake. Mtu mzima haulizwi maswali na mtu aliyehamia chini ya meza.

Kula vizuri.

Bibi yako


28 Juni

Shikamoo Bibi,

Nimeipokea ile fupi. Nimeiweka pamoja na ndefu. Msamehe Mama Pindo. Mwambie shangazi picha ya mtoto imefika, nimeibandika kwenye kabati langu, wenzangu wanasema anafanana na Futikamba.

Kioo cha ukumbi kimepanda. Nakusimulia kama kilivyopanda.

Tulikifikisha pale asubuhi, nami nilikuja na ufagio na karatasi. Ukumbi uko ghorofani, na ngazi zinapinda katikati, kwa hiyo mashine ya kubebea haikupita. Ilikuwa lazima kipandishwe kwa mikono, watu sita, kila mmoja na kishikio cha mpira kinachonyonya kioo. Yule wa kona ya chini kushoto akainama kushika, akabaki ameinama. Mgongo. Wakamtoa kando akiwa amekunjika hivyohivyo.

Kona ya chini ndiyo inayobeba uzito ngazini. Futikamba akatupitia macho wote, mmoja mmoja. Akanifikia. Mama mpishi, aliyekuwa amekuja na chai, akasema bila kuulizwa kwamba tangu siku ya maji sijaangusha hata punje ya wali.

Futikamba akanivuta pembeni. "Siku ile ya benchi," akasema, "ulijua kwamba ukisema kweli nitakurudisha kwenye ufagio?"

Nikamwambia nilikuwa naogopa hivyo.

"Basi ukiwa huko chini ukaniambia kioo kinateleza, nitakuamini. Shika kona."

Tukainua. Bibi, kioo kile kikiwa wima unajiona mwenyewe kikiwa mikononi mwako, jasho na woga wako vyote viko mbele yako. Tulipofika kwenye kona ya ngazi tukakwama. Wale wote waliokuwa wakishika mifuko mezani walikuwa wananitazama mimi kupitia kioo. Futikamba, juu ya ngazi, akasema kwa sauti ya chini, "Mchungaji. Sema neno basi. Lakini usiangushe kitu."

Kufumba macho haikuwezekana. Niliomba nimeyakodoa, kwa sauti, maneno mafupi, maana pumzi ilikuwa ya kubebea: "Bwana, tushike mikono, tufike juu." Nyuma yangu mtu akasema amina, halafu palepale akasema, "Ngazi, ngazi, tazama ngazi."

Tulifika juu. Hakina hata mkwaruzo. Futikamba alikipima mara tatu baada ya kukibandika, akanipa ufunguo wa kabati nikatoe kisu changu mwenyewe.

Wananiita Mchungaji bado. Lakini yule aliyekuwa anapoteza pochi kila mchana, sasa hunisubiri nimalize ndipo aniombe chumvi.

Sikuulizi tena lile swali. Nakwambia tu kwamba kabla ya kusema nilidhani nitakufa, na kumbe nililowa tu.

Mjukuu wako


20 Julai

Mume wangu mdogo, fundi,

Marahaba, na marahaba nyingine. Barua yako imesomwa mara nne, mara ya mwisho madirisha yakiwa wazi kwa makusudi. Mama Pindo nimemsamehe, ila bado namkatia sukari kwenye chai. Mtoto ana meno mawili. Dari limezibwa, nimekosa pa kuweka sufuria.

Nilikwenda kwa kiongozi wa kwaya.

Nilivaa vizuri, nikaenda kwa miguu, na njiani goti lilinipa sababu nyingi za kurudi. Nilimkuta uani kwake anaziba pancha, maana kazi yake ni fundi baiskeli. Hakunyanyuka. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri, yote yakaniacha mlangoni. Nikamwambia, "Nilimweleza Mungu habari za sauti yako mbele ya kanisa zima, na wewe mwenyewe sijawahi kukwambia hata siku moja. Nilikosea mlango. Nisamehe."

Aliendelea kusugua lile tairi. Halafu akasema, "Sauti yangu naijua, Bibi. Niliimba kwa sababu hakuna mwingine aliyejitokeza."

Mjukuu wangu, mimi nimekuwa nikisema kweli tangu nimeota meno, na watu wote wananiita jasiri. Niliposikia hilo nilikaa juu ya tairi bila kukaribishwa. Maana yule mwanamume, kila Jumapili, alikuwa akisimama mbele ya watu na sauti ileile, akijua, akafungua mdomo. Mimi sijawahi kusimama mbele ya watu na ubovu wangu. Nilisimama na wa kwao.

Alinipa maji. Tukaongea bei ya mipira ya baiskeli. Jumapili iliyofuata alirudi na kwaya yake. Sauti ni ileile. Lile ombi Mungu hakulijibu, na mimi silirudii.

Wazee wa kanisa wakaja kuniambia naweza tena kuomba sala ya kufunga. Kanisa zima likakaa vizuri kwenye mabenchi, kila mtu ameshika roho yake asitajwe. Mchungaji mwenyewe nilimwona ameinamisha kichwa mapema. Nikasimama. Nikaona safari hii nianze na jina langu, nimweleze Mungu habari zangu kwanza, kwa sauti ile unayoijua, ndipo niwafikie wengine.

Sikuwafikia. Muda uliisha nikiwa bado kwangu.

Bibi yako